Kipimo Kilichotiwa Moyo

Tone lilitandaa juu ya jiwe, nami nikafurahi. Kosa langu lilikuwa hilo tu, kufurahi, na kikuku cha mkononi kikaliona kabla yangu. Kikawaka chekundu. Mashine ikanyamaza kidogo kama karani anayetafuta muhuri, halafu ikaandika kwenye kioo maneno ambayo kila mpimaji wa barabara anayaogopa: KIPIMO KIMETIWA MOYO. HAKIHESABIKI.

Nje, ukumbini, walikuwa wanampigia mke wangu makofi.

Zamani kumtia mtu moyo lilikuwa jambo jema. Siku hizi, kwa sisi tunaopima barabara, ni tusi. Lilianza baada ya miaka ile ya madaraja kuanguka, ilipogundulika kwamba wapimaji walikuwa wanaona walichotaka kuona: huyu anambeba shemeji yake, yule anamkomoa aliyemnyima cheo. Serikali ikachoka na viapo, ikatuvalisha vikuku. Kikuku husikiliza damu na jasho la mpimaji tangu tone linapoanguka mpaka namba inapotoka. Moyo ukiwa umetulia, kinawaka kijani na namba inaingia kwenye cheti cha barabara. Moyo ukitamani jibu fulani, iwe kwa mapenzi, kwa woga au kwa chuki, kinawaka chekundu na namba inafutwa, hata kama ni sahihi. Hakuna rufaa. Hata mume hakukatazwa kumpimia mkewe. Walisema kikuku kitasema.

Na kweli, kilikuwa kinasema.

Nikajipangusa jasho, nikachukua jiwe jingine kwa kibano. Lilikuwa jeusi, la volkano, kutoka machimbo ya Nsongola, kule kule ilikotandikwa barabara mpya ya mteremkoni. Nilikuwa nimeyaosha mawe yale, nikayachemsha, nikayakausha kwenye jiko la maabara na kuyapoza ndani ya chupa iliyofungwa. Hakuna kidole kilichoyagusa. Nikadondosha tone. Likalala. Nikafurahi. Chekundu.

Ngoja nieleze, maana watu hudhani barabara huuawa na malori. Huuawa na maji. Kila uso una nguvu yake ya kuvuta, sisi tunaiita nishati ya uso. Jiwe linayo, lami inayo, maji yanayo. Huioni kwa macho, ila unaweza kuiuliza kwa tone. Maji yakisimama juu ya jiwe kama shanga, jiwe haliyataki. Yakitandaa na kulala, wamependana. Unarudia kwa vimiminika vingine viwili, unapima pembe za matone, na Mshenga anakokotoa yaliyobaki. Mshenga ni mashine yetu. Tuliipa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kutuambia kama jiwe na lami wataoana wakadumu. Inatoa namba mbili. Ya kwanza ni nguvu inayotakiwa kuwatenganisha wawili hao kukiwa kukavu. Ya pili ni nguvu hiyo hiyo, maji yakiwepo. Ya pili ikishuka chini ya sifuri, maji hayahitaji kumsukuma mtu. Yanakaribishwa. Yanapita katikati, jiwe linayakumbatia, na lami inabaki imelala pale juu ikidhani bado ni mke wa mtu. Hiyo tunaiita talaka, na maji tunayaita mchepuko. Huo utani wa maabara niliuanzisha mimi, enzi nilipokuwa mtu wa utani.

Namba ya pili ya Tusekile, mke wangu, aliyepima kwanza, ilikuwa juu sana ya sifuri. Yangu ilikuwa chini kabisa.

Mlango ukafunguliwa, kelele za ukumbini zikaingia pamoja na Dakta Mwinuka, mkuu wa mradi, mkononi kipande cha keki kwenye karatasi laini. Mwinuka ana sauti ya mtu asiyewahi kuambiwa anyamaze.

"Shemeji! Mume wa Mama Lami! Watu wanakula keki, wewe unakula mawe?"

Mume wa Mama Lami. Nina jina. Ninaitwa Gwakisa Mwambene, na nilikuwa nimeshapima barabara nyingi kabla ya mke wangu kujua lami inapikwaje. Lakini tangu Tusekile alipoivumbua lami ya maganda ya korosho, ile inayojiziba nyufa yenyewe jua likiwaka, hakuna anayeniita Gwakisa. Picha yake iko kwenye pakiti za maziwa za Rungwe nzima. Kila asubuhi namshika mke wangu kichwani, naminya, anamiminika kwenye chai yangu huku anatabasamu.

"Namalizia kipimo cha pili, Dakta," nikasema.

Alikitazama kikuku. Nilivuta shati lakini nilichelewa.

"Chekundu?"

"Jiwe linayataka maji. Tena siyo kidogo. Mvua zikianza, lami ile itabanduka kuanzia chini, wala hutaona kitu juu mpaka siku litakapoondoka tabaka zima."

"Sikuuliza jiwe. Nimeuliza kikuku."

"Chekundu," nikasema.

"Cha dada yangu Tusekile kilitoka kijani kibichi. Sasa wewe, ungekuwa mimi, ungeamini kipi?" Aliuliza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenitukana. "Kesho saa nane mchana barabara inafunguliwa. Kipimo cha pili kisipopatikana, cha kwanza kinasimama peke yake. Sheria ndiyo hiyo."

"Lakini nimepima, Dakta. Mara nyingi tu."

"Kilichotiwa moyo hakijapatikana." Akaweka keki juu ya meza ya sampuli, mahali ambapo hata mwanafunzi haweki. "Nikuambie kama ndugu. Mwanaume mwenye mke anayeng'ara hujifunza kushangilia. Mwanzoni ni kazi, baadaye unazoea. Mke wangu mimi ni mpishi mashuhuri, unadhani nani ananiulizia mimi pale nyumbani? Njoo ule keki."

Alipotoka niliitupa keki kwenye pipa. Ilikuwa ya ndizi, naipenda sana.

*

Mtu anaweza kusema, si ungeacha tu? Barabara si yako, lami si yako, sifa si zako. Nami ningeacha, kwa kweli, kama si kwa ajili ya magari.

Magari ya siku hizi hayaangalii barabara. Yanasoma cheti. Ukifika mwanzo wa mteremko, cheti kinaliambia gari hapa pameshikamana kiasi gani, gari nalo linachagua mwendo wake, na abiria anaendelea kusinzia. Kwa cheti cha Tusekile, lori la ndizi lingeshuka Nsongola kama limerushwa, mvua au jua. Na basi la shule, lisilo na dereva wala utingo, lingeshuka hivyo hivyo, upande mmoja mlima, upande wa pili korongo na mto. Binti yetu Bupe alikuwa ameshashona sare ya shule mpya iliyo chini ya mteremko ule. Na huku kwetu mvua hainyeshi, inahamia na mizigo yake.

Kwa hiyo nilikuwa na hofu ya kweli. Naomba hilo lieleweke. Ila hofu ilikuwa imekaa chumba kimoja na furaha, na kila nilipofungua mlango ilitoka furaha kwanza.

Mchana ule nilijaribu yote. Nilikunywa maziwa baridi. Niliimba wimbo wa kanisani kimoyomoyo, ule mrefu. Nilifumba macho nikaiacha mashine idondoshe yenyewe, lakini masikio yalisikia Mshenga akilia ule mlio wake wa tone lililotandaa, na mkono ukawa mwekundu. Nikajaribu hata kuliombea tone lisimame. Simama, nikaliambia, simama kwa ajili ya Mama Bupe. Kikuku kikawaka kuliko mwanzo, maana sasa juu ya wivu nilikuwa nimeongeza uongo.

Jambo moja lilinisumbua kuliko yote. Tusekile si mwongo, na kikuku chake kilikuwa kijani. Aliona tone likisimama. Mshenga mmoja, machimbo yale yale, mawe ya gunia moja. Kama tone lake lilisimama na langu likalala, basi mmoja wetu alikuwa anapima kitu kingine. Nilitaka sana awe yeye.

*

Jioni nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua maharage. Maua aliyopewa ukumbini alikuwa ameyatia kwenye ndoo ya kudekia. Kitenge kile kile cha siku zote. Hilo nalo liliniudhi. Angejidai kidogo tu ningekuwa na la kushika.

"Umekuja, Baba Bupe. Sikukuona kwenye keki."

"Nilikuwa kazini."

"Walikuulizia."

"Walimuulizia mume wa Mama Lami."

Alinitazama, akarudi kwenye maharage. Vidole vyake ni vyepesi sana; vinapita juu ya ungo, vinasukuma huku kilichooza, vinavuta huku kizima, wala hatazami. Wageni wa maabara humpiga picha akifanya hivyo hivyo na mawe. Ungo wake mwingine uko kule, umetundikwa ukutani, na gazeti moja liliuandikia ukurasa mzima: mama anayechagua mawe kama mchele. Mimi huchagua kwa kibano na darubini, na hakuna gazeti lililowahi kuuliza kibano changu kinaitwaje.

Bupe alikuja akiwa amekunja suruali mpaka magotini. Baridi ya Tukuyu ilikuwa imempasua miguu, kama inavyotupasua wote miezi hii. Tusekile aliweka ungo chini, akafungua kopo la mafuta ya parachichi, akampaka mtoto miguu yote, kisha akajipaka mwenyewe mikono mpaka viwiko, taratibu, kidole kwa kidole. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa huku tangu asubuhi hadi jioni. Nimeliona hilo kopo maisha yangu yote. Lipo jikoni, lipo kwenye mkoba wake, lipo juu ya meza yake kazini.

Halafu akasimama kunawa, apike. Maji yalipomgusa mkono hayakuulowesha. Yalisimama. Kwenye kila kidole cha mke wangu yalisimama matone ya mviringo, madogo, mazuri, kama shanga.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilifurahi kuliko siku Bupe alipozaliwa, na bahati yangu vikuku hubaki maabara.

"Mama Bupe," nikasema, "yale mawe unayachagua kwa mikono hii hii?"

"Sasa nitachagua kwa miguu?"

"Kabla ya kuyaosha, au baada?"

Mkono wake ukasimama hewani. Tusekile si mzito wa kuelewa. Ndicho kilichomfikisha alikofika. "Baada," akasema. "Yakiwa masafi ndipo unaona yenye nyufa. Na mikono inakuwa mikavu, Baba Bupe. Mafuta yanakauka."

"Yanakauka machoni. Kwenye jiwe yanabaki. Tone lako halikusimama juu ya jiwe, mama. Lilisimama juu ya parachichi."

Alimwambia Bupe akaangalie kuku. Mtoto alipotoka, alikaa tena kwenye kigoda, mikono imegeuzwa juu, anaitazama kama ya mtu mwingine. Nilitegemea alie, au anibishie. Ningependa anibishie, nilikuwa na majibu mengi. Akasema, "Umefurahi."

"Nini?"

"Sikiliza sauti yako. Unaniambia watoto wanaweza kufa, na umefurahi."

Nilitaka kukataa. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimebishana na kikuku nikashindwa, na huyu ananijua kuliko kikuku.

"Nina wivu," nikasema. "Sikatai. Nakuonea wivu mpaka nakosa usingizi. Na jiwe linapenda maji. Yote mawili ni kweli, Mama Bupe. Moja haliondoi jingine."

"Tangu lini?"

"Tangu pakiti za maziwa."

Kidogo acheke. Niliona kicheko kikija na kurudi. Kama angecheka, nadhani tungekuwa watu wengine leo.

"Mimi nilidhani unafurahi," akasema. "Jioni nilikuwa nakimbia nyumbani nikuambie kila kitu kwanza. Kila walichosema. Nilidhani nakuletea." Akafunga kopo la mafuta, akakaza kifuniko. "Sawa. Asubuhi twende mapema kabla ya wageni. Tuyaoshe pamoja, mbele yangu. Kama ni kweli, nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya Dakta na wote. Sitaki mtu anisemee."

"Hakuna atakayekusemea," nikasema. Nilimaanisha, wakati ule.

*

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Maabara ilikuwa tupu, ukumbini viti bado vimepangwa, mabango ya sura yake yameegemezwa ukutani yakisubiri kupelekwa mteremkoni. Tusekile alikuwa amenawa mikono kwa sabuni mpaka vifundo vikatoka damu, na juu yake akavaa glavu. Tulivaa vikuku vyetu. Tuliyaosha mawe bila kuongea. Tulifanya kazi vizuri, hilo nalo lazima niseme. Yeye anashika, mimi namimina, kama miaka ile tulipoanza, alipokuwa anauliza na mimi najibu.

Mawe yalipopoa alishika sindano mwenyewe.

Tone likaanguka. Likakaa kidogo, kama linafikiri, kisha likatandaa mpaka ukingoni mwa jiwe, likapotea.

Kikuku chake kikawaka chekundu. Sikuwahi kukiona chekundu mkononi mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya vipimo vyake vyote, hakuwa na hila, hakuwa na hofu, alikuwa na uhakika tu, na kikuku hakijui tofauti kati ya uhakika na ukweli. Sasa uhakika ulikuwa umeondoka, na alichobaki nacho kilikuwa kinampiga mkononi. Akajaribu tena. Tone likalala, mkono mwekundu. Akajaribu tena, machozi yanashuka bila sauti, na alikuwa anageuza uso pembeni yasidondokee sampuli. Hata akilia alikuwa anailinda sampuli.

KIPIMO KIMETIWA MOYO, akaandika Mshenga. HAKIHESABIKI.

"Siwezi," akasema. "Hivi nilivyo, siwezi."

"Naona."

"Chokaa itatosha." Alikuwa anaongea haraka, kwa ile akili yake inayokimbia mbele hata mwili ukianguka. "Wayabandue yote, mawe yaogeshwe kwa maji ya chokaa kabla ya lami, jiwe litaacha kuyataka maji. Lami yenyewe haina kosa. Kosa ni la mikono yangu. Baba Bupe, wanafungua saa nane. Nipe mpaka adhuhuri. Nitembee kidogo, ninywe chai, nitulie. Nitarudi nipime mwenyewe, kitoke kijani, kiwe na jina langu. Kosa langu na dawa yangu, vitoke mkononi mwangu pamoja. Nikiwatangazia hivyo, nitabaki mtu. Ukitangaza wewe, nitakuwa mwanamke aliyepaka barabara mafuta ya mwilini, watu watacheka mpaka nife. Naomba."

Nilitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa mbali, na saa nane mbali zaidi.

Kisha nikatazama mkono wangu. Kikuku kilikuwa kijani.

Hakikuwa cha njano kinachoyumba, wala kijani cha kubahatisha. Kilikuwa kijani kilichotulia, kama majani ya chai baada ya mvua. Nikajisikiliza nikitafuta ile furaha ya jana, sikuiona. Nikatafuta wivu, nao haukuwepo. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu macho yamevimba, kamasi zinamtoka, vifundo vina damu, na kwa mara ya kwanza tangu zile pakiti za maziwa nilimpenda bila shida yoyote. Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyeshiba.

"Baba Bupe," akasema. Alikuwa ameona ninachotazama.

Sababu nilizonazo ni hizi. Manyunyu yalikuwa yanageuka mvua. Malori ya majaribio yalikuwa yameshajipanga juu ya mteremko. Angeweza asitulie. Angeweza kutulia akaogopa. Mimi nilikuwa kijani sasa hivi, na nani ajuaye ningekuwa na rangi gani adhuhuri? Basi la shule lilikuwa na siti yenye jina la Bupe. Kila moja ya sababu hizo ni ya kweli, niulizeni hata leo nitazitaja bila kigugumizi.

Nikachukua kibano.

"Gwakisa." Hajawahi kuniita jina langu tangu mtoto azaliwe. Jina nililokuwa nalililia. "Mpaka adhuhuri tu."

Nikaweka jiwe. Nikadondosha tone. Lilitandaa, na ndani yangu hakukutikisika kitu. Nikadondosha la pili, la tatu, vimiminika vyote. Mshenga akakokotoa. Namba ya pili ikatoka chini ya sifuri, pale pale ilipokuwa jana, na chini yake jina: G. MWAMBENE. KIJANI. KIMEINGIA.

Tuliona kupitia kioo kikubwa cha ukutani, kile kinachoonyesha mteremko. Malori yaliyokuwa yananguruma juu ya Nsongola yalisoma cheti kipya, yakapunguza, yakasimama yote kwa pamoja. Basi la shule, tupu, limefungwa riboni, liligeuka taratibu likarudi lilikotoka. Mvua ikaanza kunyesha juu ya barabara isiyo na gari. Barabara ilikuwa imeokoka. Watu walikuwa wameokoka. Hilo hakuna anayeweza kuniondolea.

Dakta Mwinuka aliingia anakimbia, simu sikioni, koti limelowa. Alikuwa amejiandaa kufoka, lakini alikwenda kwanza kwenye mashine, akainama, akasoma. Akasoma tena. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, juu ya kikuku.

"Kijani," akasema. "Gwakisa, ndugu yangu, nisamehe sana. Nilikudhania vibaya. Leo ndiyo umetuokoa." Ndipo akamgeukia Tusekile, akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Pole, dada. Lakini cheti ni cheti. Nimesoma vipimo maisha yangu yote, sijaona kisafi kama hiki. Hakikutiwa moyo hata kidogo."

Tusekile alikuwa ameshavua glavu. Alikifungua kikuku chake, bado chekundu, akakiweka kwenye sahani pamoja na mawe tuliyoyaosha. Mikono yake ilikuwa mikavu, imepauka, imepasuka kama ya watu wengine wote wa huku. Alinitazama mkononi, siyo usoni.

"Ni kweli, Dakta," akasema. "Hakikutiwa moyo. Nilikuwepo."